Kuombea kibali kozi ya wakandarasi wa mandhari North Carolina

Mkandarasi wa mandhari (anayetengeneza bustani, kuta na mifereji ya nje) mwenye leseni ya jimbo la North Carolina, Marekani, anatakiwa kukusanya krediti 7 za mafunzo endelevu kila mwaka, yaani alama za kuhudhuria kozi zilizoidhinishwa. Bodi ya leseni ikiikataa kozi unayofundisha, anayeumia ni yeye: siku ya kazi imepotea, ada imelipwa, krediti hana.

Hatua ya 1. Amua kama kozi ni ya ufundi au ya biashara. Mifereji, kuta za kuzuia udongo na upandaji ni ufundi; mikataba na ukadiriaji wa gharama ni biashara. Ukiwa na vyote viwili, tenga vipindi.

Hatua ya 2. Andika ratiba ya dakika kwa dakika. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. "Mifereji ya maji, muda wa saa mbili" haimwambii mkaguzi wa bodi chochote. Andika hivi:

8:00–8:20 kutambua maji yanakotuama kwenye udongo wa mfinyanzi
8:20–8:50 kupima mteremko wa 1% (bomba la futi 50 lishuke inchi 6)
8:50–9:20 kupanga kitambaa cha kuchujia, kokoto, bomba lenye matundu yakitazama chini
9:20–9:30 mapumziko
9:30–10:10 kufanya zoezi la kupima

Jumlisha: kuanzia mwanzo hadi mwisho ni dakika 130, lakini za kufundisha ni 120. Omba krediti kwa hizo 120. Usajili, chakula na mapumziko usivihesabu kamwe. Sehemu ya kunadi bidhaa nayo iondoe. Kama mfadhili lazima aonyeshe mashine yake, mpe muda baada ya darasa, nje ya ratiba. Kila mstari uanze na kitendo, kama "kupima" au "kukata", kwa sababu "kuelewa" hakupimiki. Na tahadhari kwa tuliozoea saa za Kiswahili: kwenye fomu, saa mbili asubuhi ni 8:00. Ukiandika 2:00, darasa limehamia mchana.

Mimi napendelea jedwali la kawaida lililohifadhiwa kama PDF. Slaidi hazifai kuwa ratiba, hata ziwe nzuri vipi.

Hatua ya 3. Wasifu wa mwalimu, ukurasa mmoja, uonyeshe uzoefu wake katika mada hiyohiyo.

Hatua ya 4. Tuma mapema. Leseni huhuishwa kufikia Agosti 1, kwa hiyo kozi yenye manufaa ni ile iliyopata kibali tangu majira ya baridi. Kama unafundisha pia viuatilifu, krediti za leseni ya viuatilifu huombwa kando, kwa Idara ya Kilimo ya jimbo. Kibali kimoja hakifuniki kingine.

Hatua ya 5. Siku ya darasa, watu wasaini wakiingia na wakitoka. Saini ya asubuhi peke yake haithibitishi kwamba mtu alibaki. Cheti kiwe na jina kama lilivyo kwenye leseni, namba ya leseni, jina la kozi kama lilivyoidhinishwa, tarehe, na idadi ya krediti kwa aina yake. Kitoe siku hiyohiyo, na nakala za karatasi za saini zitunze.