Barua inayofika: vile ninavyofundisha Gredi ya 4 kuandika kwa barua ya kirafiki

Walimu wenzangu, nataka niwaeleze vile mimi hufundisha watoto wa Gredi ya 4 kuandika hapa Mombasa. Natumia barua ya kirafiki, si insha ya "Siku ambayo sitaisahau". Mtu akitaka achukue yote, akitaka achukue kipande, lakini kuna kitu kimoja usikiache: barua lazima iende. Imtoke mtoto mkononi ifike kwa mtu anayeisubiri. Ukiondoa hapo umebaki na zoezi la daftari tu.

Miaka ya nyuma nilikuwa nafundisha barua vile nilivyofundishwa mimi. Nachora umbo kwa ubao, anwani hapa, tarehe hapa, halafu naandika swali, "Mwandikie rafiki yako umweleze ulivyotumia likizo". Nakusanya madaftari 48 na yote yanaanza na sentensi moja, "Natumai u buheri wa afya kama mimi huku nilivyo, lengo na madhumuni ya kukuandikia waraka huu..." Siku moja mtoto akaja mbele na daftari lake akaniuliza, "Ticha, huyu rafiki anakaa wapi?" Sikuwa na jibu. Rafiki hakuwepo, na watoto wote walikuwa wanajua hayupo, ndio manake hakuna aliyehangaika kumweleza kitu. Tangu hapo nikageuza kila kitu.

Hatua ya 1: tafuta msomaji kabla hujashika chaki

Mimi nina mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, yeye anafundisha kule Milima ya Taita, kama kilomita 200 kutoka hapa. Tukakubaliana darasa lake na langu, kila mtoto apate mwenzake kwa jina. Kule kuna baridi na ukungu asubuhi, na watoto wengi hawajaiona bahari, wetu nao wengi hawajawahi kuvaa sweta la maana. Hiyo tofauti ni mali. Mtoto akimwandikia mtu anayekaa mtaa mmoja na yeye hana la kueleza, kila kitu mwenziwe anakijua.

Kama huna mwalimu wa mbali unayemjua, hata shule ya ng'ambo ya Likoni na shule ya kisiwani inatosha, au watoto wakaandikia bibi na babu walio mashambani. Ila hakikisha huyo msomaji atajibu. Zungumza na mwalimu mwenzako mapema muafikiane wiki ya kutuma na wiki ya kujibu, na muwaambie wazazi kwenye gurupu. Anwani itumike ya shule pekee, mtoto asiandike nambari ya simu ya mama wala nyumba anayokaa.

Hatua ya 2: wazungumze kwanza

Kipindi cha kwanza hakuna kuandika. Dakika 35 zote ni za mdomo. Nawaambia, huyu mwenzako wa Taita hajui kwenu, hebu mwambie jirani yako wa dawati kitu kimoja ambacho ungependa huyo mtoto akijue. Kitu kimoja, si likizo nzima. Mtoto wa Pwani hana shida ya maneno, mtoe nje uone anavyosimulia, shida inaanza akishika penseli. Kwa hivyo acha maneno yatoke kwanza, wabadilishane, mmoja asimulie mwengine asikize, kisha wageuze.

Na mada achague mwenyewe. Kuna Mmarekani mmoja, Donald Graves, mwishoni mwa miaka ya 1970 alikaa madarasani kule New Hampshire akitazama watoto wadogo wanavyoandika, na jambo alilolisisitiza sana ni hilo hilo, mtoto aachiwe achague la kuandika na mwalimu azungumze naye kuhusu kazi yake ikiwa bado haijakwisha. Mimi nimeliona darasani kwangu kwa macho yangu. Aliyeambiwa aandike kuhusu Fort Jesus aliniandikia mistari minne, ilijengwa na Wareno, ni kubwa, ni ya zamani, basi. Aliyejichagulia paka wao anayeiba samaki aliomba karatasi ya pili.

Mwisho wa kipindi wanakunja karatasi mara mbili ipate vyumba vinne. Chumba cha kwanza habari yangu, cha pili vitu vidogo nilivyoviona au kuvisikia au kuvionja, cha tatu nilivyojisikia, cha nne maswali mawili ya kumuuliza mwenzangu. Maneno mafupi tu, au picha kwa ambaye kuandika bado kunamlemea. Huo ndio mpango.

Hatua ya 3: andika yako mbele yao

Hii walimu wengi tunairuka na ni makosa. Simama kwa ubao uandike barua yako mwenyewe, ya kweli, mimi huwa namwandikia yule mwalimu mwenzangu. Fikiri kwa sauti, "nianze na mvua ama nianze na tuktuk iliyozimika katikati ya maji pale Buxton? Naanza na tuktuk." Andika, kisha futa kwa mstari mmoja neno uliloona halifai, weka lingine juu yake. Watoto wakikuona ticha unakata neno wanashangaa kweli, wao wanadhani mtu mzima hukaa chini na maneno yakatoka yamenyooka.

Hatua ya 4: rasimu

Raba zote zinaingia kwa kikopo mezani kwangu. Wanaandika wakiruka mstari mmoja mmoja ili baadaye pawe na nafasi ya kuongeza, na neno wasiloweza kuliandika wanalikisia wanalipigia mstari chini na kuendelea. Sitaki anwani, sitaki tarehe, nataka habari. Wakiniuliza "ticha hili linaandikwaje" nawaambia tutalirudia, endelea mbele.

Sisi tuliopita kwenye ile insha ya KCPE ya dakika 40 (KCPE ni ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho 2023) tulizoeshwa kwamba kuandika ni mara moja, unaanza unamaliza unapeana. Tabia hiyo imetuganda na tunawapa watoto bila kujua. Rasimu inamwambia mtoto kwamba hii si ya kupeana bado, kwa hivyo asiogope.

Hatua ya 5: kurekebisha, hapa usiharakishe

Hapa ndipo mtoto anakuwa mwandishi, na mimi hupatengea vipindi viwili, mara nyengine vitatu. Kurekebisha si kusahihisha herufi, hilo lina siku yake. Kurekebisha ni kuuliza, mwenzangu wa Taita atanielewa?

Wanakaa wawili wawili. Mmoja anasoma rasimu yake kwa sauti, mwengine anajifanya ndiye mtoto wa Taita, hajui Mombasa, na anaruhusiwa maswali matatu pekee. Haruhusiwi kusema "umekosea", haruhusiwi kusema "ni nzuri". Maswali tu. Mwandishi anaweka nyota pale pale kwenye rasimu swali lilipotokea.

Hebu niwaonyeshe ya mtoto mmoja. Rasimu yake ilikuwa hivi:

"Jumamosi tulienda Likoni kwa shangazi. Tulipanda feri. Tulikula mabuyu. Tulirudi. Ilikuwa nzuri sana."

Mwenziwe, aliyekuwa ameshaingia vizuri kwenye uTaita wake, akauliza, feri ni nini? Yule mtoto akacheka, we hujui feri? Nikamwambia wewe unajua, yeye hajui, mjibu. Akafikiri kidogo akasema, ni kama meli lakini pana, inabeba magari na watu pamoja. Nikamwambia basi hayo maneno yako yaandike hapo kwenye nyota. Swali la pili, mabuyu yanaliwaje, si ni mti? Hapo akaeleza mpaka na mikono, mbegu zinapikwa na sukari na rangi, unamumunya mpaka inabaki kokwa. Swali la tatu, nzuri vipi? Hilo likamkwamisha. Akanyamaza, kisha akasema ulimi wake ulikuwa mwekundu mpaka Jumapili na mamake alidhani amejikata. Nikamwambia hiyo hiyo.

Baada ya vipindi viwili barua ikasoma hivi:

"Jumamosi tulienda kwa shangazi Likoni. Likoni ni ng'ambo ya maji, sisi tunavuka kwa feri. Feri ni kama meli lakini pana, inabeba magari na watu pamoja na wanaotembea hawalipi. Shangazi alitununulia mabuyu. Ni mbegu za mbuyu zimepikwa na sukari na rangi nyekundu. Ulimi wangu ulikuwa mwekundu mpaka Jumapili, mama alidhani nimejikata. Je, huko kwenu kuna mibuyu?"

Ile "ilikuwa nzuri sana" aliiondoa mwenyewe, sikumwambia. Aliona haina kazi tena.

Wakati wao wanaulizana mimi nazunguka. Watoto 48 huwezi kuwamaliza siku moja, usijaribu, mimi nachukua wanane kwa kipindi na naandika majina yao pembeni nisimruke mtu. Nikifika kwa mtoto sishiki penseli yake. Namuuliza, unapapenda wapi katika barua yako, na ni wapi mwenzako atapotea? Anapopaonyesha kwa kidole naondoka.

Hatua ya 6: sasa ndio umbo la barua

Wengi huanza na umbo, mimi naliweka hapa kwa makusudi, manake sasa mtoto ana kitu cha kutia ndani. Anwani ni moja tu, ya mwandishi, juu upande wa kulia: jina la shule, S.L.P. na nambari yake, 80100 Mombasa, na tarehe chini yake. Barua rasmi ndio huwa na anwani mbili, waelezeni tofauti lakini msikae sana hapo. Kisha "Mpendwa" na jina, koma. Halafu salamu, mwili wa barua, kuagana, na mwisho "Ni mimi rafiki yako," na jina chini yake.

Kuhusu salamu, ile buheri wa afya sikuikataza, ni Kiswahili kizuri na wazee wetu waliitumia kwa heshima zote. Ninachotaka ni salamu iwe na kitu cha kweli ndani yake. "Natumai u mzima, mimi pia ni mzima ila nina mafua kidogo." Salamu kama hiyo inajibika.

Hatua ya 7: kuhariri

Kikopo cha raba kinarudi. Hapa nachagua vitu vitatu pekee, navyovipata kwa kupitia rasimu usiku na kuona ni nini kinawasumbua wengi. Mwaka huu vilikuwa herufi kubwa kwenye majina ya watu na mahali, maneno yanayoandikwa yakitenganishwa au kuunganishwa vibaya ("ana cheza", "kwasababu"), na h inayopotea, "ata" badala ya hata, "apo" badala ya hapo. Naviandika kwa ubao na mtoto anapitia barua mara tatu, kila mara akitafuta kitu kimoja. Ukimwambia "tafuta makosa" hatafuti chochote.

Na kuna la lahaja. Watoto wa Mji wa Kale wataandika "bibi yuwaja" na si "bibi anakuja". Nimeshawaona walimu wakipiga kalamu nyekundu hapo kama ni kosa la jinai. Si kosa, ni Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, ni lugha aliyolelewa nayo. Mimi namwambia kwenye mtihani andika "anakuja" na ujue kwa nini, lakini kwa barua ya rafiki acha mwenzako amsikie bibi yako anavyozungumza.

Hatua ya 8: nakala safi na posta

Karatasi ya mistari, hati nzuri, bila haraka. Ambaye hati yake bado nzito nampa vipindi viwili, simwandikii. Kila barua inakunjwa, jina la mpokeaji linaandikwa nje, na zote zinaingia kwenye bahasha moja kubwa ya kaki, ni nafuu kuliko stempu 48. Kama unaweza, nenda posta na watoto wawili watatu waione ikipimwa na kugongwa muhuri, wakirudi watawasimulia wenzao wee.

Hatua ya 9: majibu

Zikirudi, usizisome wewe kwanza mbele yao, mgawie kila mmoja yake na unyamaze. Yule wa mabuyu alijibiwa kwamba mibuyu ipo, lakini ni huko chini kwenye joto, si kwao mlimani, na akaulizwa hiyo feri ikijaa sana huwa haizami? Kabla ya mapumziko alikuwa ameshakuja kuniomba karatasi, na yale maswali ya "ticha niandike nini" sikuyasikia tena kwake muhula huo.

Jambo la mwisho ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Kuna wakati mtoto mmoja kule huwa amehama au alikuwa mgonjwa, na mmoja wako anakosa barua huku wote wanapiga kelele na zao. Ilinitokea mara moja na ule uso sijausahau. Sasa mimi na mwenzangu tumewekeana ahadi, kila mmoja anahesabu majina mara mbili kabla ya kufunga bahasha, na asiye na barua ticha wa upande ule anamwandikia yeye mwenyewe, kwa mkono, kurasa nzima, akijibu kila alichouliza.