Kabla hujapandisha dozi, uliza saa: kanzidata ndogo ya wagonjwa wa thairoidi kwa kliniki ya Moshi

Mgonjwa ambaye tezi yake ya thairoidi imepungua nguvu anameza levothairoksini (homoni ya thairoidi ya kidonge) kila siku, lakini TSH (homoni ya damu inayopanda thairoidi ikipungua na kushuka dawa ikizidi) bado inasoma 11. Haraka haraka dozi inapandishwa. Wakati mwingine dozi ilikuwa inatosha, ila dawa haikuingia kwenye damu. Hata ikimezwa na maji matupu, utumbo mwembamba hufyonza takribani asilimia 60 hadi 80 tu. Ikikutana na madini chuma au kalsiamu hushikana nayo, ikawa kitu kisichoyeyuka kinachotoka na choo. Maabara haitakuonyesha hilo. Utaliona ukijua saa za kumeza, kwa hiyo saa lazima ziandikwe mahali zinapoweza kutafutwa.

Kompyuta ya zamani inatosha. Sakinisha SQLite, programu ya kanzidata (ni ya bure, na haihitaji intaneti ukishaiweka), kisha kwenye dirisha la amri andika `sqlite3 thairoidi.db`.

Hatua ya 1: Majedwali

```sql
PRAGMA foreign_keys = ON;

CREATE TABLE mgonjwa (
  namba TEXT NOT NULL PRIMARY KEY,
  uzito_kg REAL);

CREATE TABLE dozi (
  namba TEXT NOT NULL REFERENCES mgonjwa(namba),
  kuanzia TEXT NOT NULL,
  mcg REAL NOT NULL CHECK (mcg BETWEEN 12 AND 300),
  saa TEXT NOT NULL CHECK (saa GLOB '[0-2][0-9]:[0-5][0-9]'));

CREATE TABLE kikwazo (
  namba TEXT NOT NULL REFERENCES mgonjwa(namba),
  kitu TEXT NOT NULL,
  saa TEXT NOT NULL CHECK (saa GLOB '[0-2][0-9]:[0-5][0-9]'),
  pengo REAL NOT NULL);

CREATE TABLE kipimo (
  namba TEXT NOT NULL REFERENCES mgonjwa(namba),
  tarehe TEXT NOT NULL,
  tsh REAL NOT NULL CHECK (typeof(tsh) IN ('real','integer')));
```

Tumia namba ya faili, usiweke jina la mtu. Ule mstari wa PRAGMA (unaokataa namba isiyomo kwenye jedwali la mgonjwa) uuandike kila unapofungua kanzidata, maana SQLite huanza ikiwa imeuzima.

Hizo CHECK (masharti yanayokataa taarifa isiyofaa) usizione mapambo. Maabara ikirudisha jibu `<0.01` na ukaliandika hivyo hivyo, bila CHECK SQLite italihifadhi kama maneno, na kwake maneno ni makubwa kuliko namba yoyote. Ukitafuta wenye TSH zaidi ya 4, mgonjwa aliyezidishiwa dawa atatokea katikati ya waliopungukiwa, na mtu anaweza kumwongezea tena. Andika 0.01. Ya `mcg` inamzuia anayeandika 0.1 akifikiria miligramu, miligramu 0.1 ni maikrogramu 100.

Hatua ya 2: Kuingiza taarifa

```sql
INSERT INTO mgonjwa VALUES ('M-014', 62);
INSERT INTO dozi VALUES ('M-014','2025-03-03',100,'06:30');
INSERT INTO kikwazo VALUES
  ('M-014','chai na mtori','07:00',1),
  ('M-014','kidonge cha chuma','08:00',4);
INSERT INTO kipimo VALUES ('M-014','2025-04-22',11.2);
```

Hapa ndipo wengi huharibu. Mama akisema anameza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, andika 06:30, siyo 12:30. Na ile sifuri ya mbele ni lazima: ukiandika 7:00 bila CHECK, hesabu ya muda inarudisha utupu na mgonjwa anapotea kwenye majibu bila ujumbe wowote wa kosa.

Safu ya `pengo` ni saa zinazotakiwa kutenganisha kidonge na kitu hicho. Chuma, kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu: 4. Kifungua kinywa, chai au kahawa baada ya dawa: 1. Anayemeza usiku baada ya chakula, mwandikie 3.

Usimuulize mgonjwa, "Unatumia dawa nyingine?" Atajibu hapana. Vidonge vya chuma alivyopewa kliniki ya wajawazito wengi hawavihesabu kuwa dawa. Muulize anameza nini, anakunywa nini, tangu anaamka mpaka analala.

Hatua ya 3: Tafuta wanaogonganisha

```sql
SELECT d.namba, k.kitu,
  round(abs(julianday(k.saa)-julianday(d.saa))*24,1) AS saa_halisi
FROM dozi d JOIN kikwazo k ON k.namba = d.namba
WHERE saa_halisi < k.pengo
  AND d.kuanzia = (SELECT max(kuanzia) FROM dozi
                   WHERE namba = d.namba);
```

Jibu la M-014 ni mistari miwili: chai na mtori 0.5, chuma 1.5. Dozi kamili hukadiriwa kwa maikrogramu 1.6 kwa kilo. Kilo 62 ni kama 99, kwa hiyo 100 zake zinatosha. Hamishia chuma mchana au jioni, sogeza chai, dozi iache. Akiwa mjamzito usingoje: mahitaji huongezeka, TSH hupimwa kila wiki 4 hivi katika nusu ya kwanza ya mimba, na daktari ndiye aamue.

Tatizo la omeprazole, dawa ya kiungulia, halitibiki kwa kutenganisha saa. Inapunguza asidi ya tumbo mchana kutwa, na kidonge kinahitaji asidi hiyo kuyeyuka. Huyo anaweza kweli kuhitaji dozi kubwa zaidi.

Hatua ya 4: Vipimo vilivyowahi mno

Huchukua takribani siku 7 nusu ya dawa kuondoka mwilini, hivyo TSH hutulia baada ya wiki 6 hadi 8.

```sql
SELECT k.namba, k.tarehe,
  julianday(k.tarehe)-julianday(d.kuanzia) AS siku
FROM kipimo k JOIN dozi d ON d.namba = k.namba
WHERE siku BETWEEN 0 AND 41;
```

Majibu yanayotokea hapa usiyatumie kubadilisha dozi.

Hatua ya 5: Kurekebisha

Dozi ikibadilika, ongeza mstari mpya kwa INSERT. Ukiifuta ya zamani, hatua ya 4 inakufa. UPDATE ni kwa makosa ya kuandika tu, na ukisahau WHERE unabadilisha kliniki nzima. Tuseme karatasi ya maabara ilisema 1.12 nawe uliandika 11.2. Anza na BEGIN:

```sql
BEGIN;
UPDATE kipimo SET tsh = 1.12
WHERE namba = 'M-014' AND tarehe = '2025-04-22';
SELECT changes();
```

Ikirudi 1, andika `COMMIT;`. Ikirudi namba nyingine, `ROLLBACK;`.

Jioni andika `.backup nakala.db`, uihamishie kwenye flashi inayofungiwa kabatini. Mara moja kwa wiki fungua nakala yenyewe na uandike `PRAGMA integrity_check;` Ikijibu `ok`, nakala ni nzima.