Jinsi ya kuendesha warsha ya fikra bunifu kwenye chama chenu, na hatua inayokwamisha wengi

Wiki iliyopita nilikuwa Tukuyu kumsaidia dada mmoja, katibu wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, aandae warsha yake ya kwanza. Alichoniuliza, warsha inaendeshwaje hatua kwa hatua, ndo kilekile naulizwa kila chama kwa hiyo naandika. Fikra bunifu (design thinking) ni kutatua tatizo kwa kuanzia kwa mtu mwenye shida, na njia yenyewe ni ile inayofundishwa d.school, shule ya ubunifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, hatua 5: kuwaelewa watu, kuandika tatizo, kumwaga mawazo, kutengeneza mfano wa kujaribia, kujaribu.

1. Nenda kwa watu
Kabla ya warsha. Dodoso acha ofisini, nenda saa ya kukamua umuulize mtu "mara ya mwisho maziwa yako kurudishwa na kituo ilikuwaje?" Ukimuuliza "changamoto zenu ni zipi" atakutajia mtaji, elimu na masoko kama anavyomjibu mgeni yeyote wa mradi.

2. Andika tatizo
Hii ndo inayokwamisha wengi, hapa kaeni hata nusu siku. Chama changu cha kwanza kilikuwa Njombe, uongozi ukaja na swali tayari: "Tunawezaje kupata tenki la kupoozea maziwa?" nikalipokea hivyohivyo, watu 22 wakashinda ukumbini wanaandika namna ya kutafuta hela ya tenki, mpaka saa 10 jioni mama mmoja aliyekuwa kimya toka asubuhi akaniambia, "Mwanangu, kituo kinafunguliwa asubuhi tu, ya jioni mimi nayalaza kwenye dumu, asubuhi wakipima na alkoholi yanaganda, wananirudishia. Hilo tenki yatafikaje?" Siku imeisha, na watu wameacha ng'ombe wao kuja kunisikiliza. Iliniuma sana.

Toka siku hiyo, swali likiwa na kitu cha kununua dukani nalifuta. Liwe na mtu na shida yake basi: "Tunawezaje kumsaidia anayekamua jioni afikishe maziwa mazima asubuhi?" Ila lisiwe pana pia, "kuinua sekta ya maziwa" hakuna atakayejua aanzie wapi. Mwenyekiti aandike swali lake wa mwisho, akitangulia wote watamfuata. Mkibaki na maswali mawili msiyaunge kwa "na", kila mtu apewe punje 3 za maharage apigie kura. Na kama bado hamjakubaliana, sogezeni chakula mbele, swali msiliruke.

3. Mawazo
Dakika 10 kila mtu anaandika kimya, ndo muongee. Vile vikaratasi vya kujibandika sinunui, ukuta wa huku na unyevu wake vinadondoka vyote, kata manila ubandike na selotepu.

4. Mfano
Wa siku hiyohiyo, kwa vitu vilivyopo. Tukuyu ilikuwa keni ya alumini ndani ya beseni la maji baridi, maji yanabadilishwa kabla ya kulala. Dumu la plastiki walikubaliana kuliacha, kona zake hazisafishiki.

5. Jaribu
Nyumba 5, wiki moja. Usimwambie mfugaji unategemea nini, we mtazame anavyofanya. Katibu anapita kila asubuhi na daftari, anaandika lita zilizopokelewa na zilizorudishwa, na saa ngapi maji yalibadilishwa. Juzi kanipigia, nyumba moja beseni limechukuliwa kufulia nguo, nikamwambia aliandike hivyohivyo, Jumamosi tunaanzia hapo.