Namna ya Kuutembea Msitu wa Ngezi na Mahame ya Chwaka kwa Siku Moja

Wageni wengi wanaofika Pemba hupita Ngezi wakiwa ndani ya gari, wakielekea ufukwe wa Vumawimbi, na huridhika na kile walichokiona dirishani. Msitu huu wa kale, uliobakia kaskazini magharibi ya kisiwa ambacho sehemu yake kubwa ilishafyekwa na kupandwa mikarafuu, unastahili kutembewa kwa miguu. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuanza siku msituni na kuimalizia katika mahame ya Chwaka, karibu na Tumbe.

Epuka miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, kwa sababu njia huwa tope tupu na vijito hufurika. Wakati wa kipupwe ndio unaofaa zaidi. Panda daladala la Konde kutoka Wete au Chake Chake mapema asubuhi, kisha chukua bodaboda hadi kwenye lango la msitu, ambako utalipa kiingilio na kupewa mtembeza wageni. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu, maana upupu hauna huruma, na beba maji yako ya kunywa hata kama utavuka vijito vingi.

Ukishaingia chini ya mivule, punguza mwendo. Mtafute mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba tu, na utazame juu kwa ajili ya popo wakubwa wa kisiwa hiki, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita 1 na ambao, kama mpapindi, hawapatikani kwengine duniani. Kima punju waliomo humu waliletwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Unapovuka kijito, kanyaga mchanga uliotulia badala ya gogo lenye ukungu, hata kama gogo linaonekana kuwa ndilo daraja.

Kutoka msituni kuelekea Tumbe, jizoeze kuitambua ardhi iliyowahi kukaliwa na watu, kwani nyumba za udongo na makuti hazisimami karne nyingi. Miti ndiyo inayosema kwanza: mnazi mmoja katikati ya kichaka, mbali na bahari, kwa kawaida ulipandwa na mtu, na miembe mikongwe iliyozunguka uwazi mara nyingi huonesha palipokuwa na kiambo. Baada ya miti, tazama chini. Udongo mweusi zaidi kuliko wa pembeni huweza kuwa wa majivu na taka za jikoni, na ndani yake huonekana makome na vigae vya vyungu. Ukikuta vitambaa au chetezo cha ubani chini ya mti au penye pango, hapo ni mzimu, yaani mahali pa matambiko panapoheshimiwa na wenyeji. Usiguse kitu, na usipige picha bila ya kuomba ruhusa.

Chwaka ulikuwa mji kati ya karne ya 11 na ya 16, na simulizi za Pemba zinauhusisha na Haruni, mwana wa Mkame Mdume, mtawala wa Pujini. Misikiti na makaburi ya mawe ndiyo yanayovutia macho, lakini nakushauri uyape muda mrefu zaidi mashamba yaliyoyazunguka, kwa kuwa ndiko watu walikoishi katika nyumba zisizokuwa za mawe. Omba idhini ya mwenye shamba kabla ya kukatisha mihogo yake, na kigae utakachokiokota kirudishe pale pale, kwani kikihamishwa, mtafiti hawezi tena kujua kilitumika katika nyumba ipi. Daladala hupungua jioni, kwa hiyo uwe umefika barabarani ifikapo saa 10 alasiri.