Kuweka sawa ndege ya rimoti ya sarakasi: trimu ya rimoti ije mwisho

Mwongozo huu ni wa ndege yenye mabawa ya takriban mita 1.3, uzito wa gramu 1,500, betri ya lipo ya seli 4 na propela ya inchi 13 kwa 6.5. Iwe ya povu au ya mbao za balsa, utaratibu ni uleule. Ndege yako ikiwa kubwa zaidi, vipimo vya milimita vitabadilika lakini digrii zitabaki.

Kosa la wengi ni kukimbilia rimoti. Ndege inavuta kushoto, mtu anabonyeza trimu (vitufe vya rimoti vya kurekebisha kidogo kidogo ili ndege iende sawa yenyewe). Inaangusha pua, anaongeza miksi (mpangilio wa rimoti unaosogeza kidhibiti kimoja pale unaposogeza kingine). Baada ya wiki mbili rimoti imejaa namba zinazofichana, na hakuna anayejua ugonjwa uko wapi. Kwanza rekebisha chuma na fimbo, kisha uzito, kisha mota, ndipo ushike miksi. Na ukiwa na jairo (kifaa kinachosawazisha ndege chenyewe), izime mpaka mwisho kabisa. Jairo inaficha kila kitu unachotafuta.

Hatua ya 1: Mezani

Toa propela. Kwanza kabisa.

Weka trimu na sabu-trimu zote (trimu za kila sevo ndani ya menyu ya rimoti) kwenye sifuri, washa, kisha funga kila mkono wa sevo (mota ndogo inayosukuma fimbo) ukiwa digrii 90 na fimbo yake. Meno ya sevo yakikunyima digrii 90 kamili, zungusha mkono upande wa pili ujaribu tena. Mara nyingi mmoja kati ya pande nne unakaa vizuri. Kilichobaki malizia kwa sabu-trimu, lakini kisizidi pointi chache. Halafu nyoosha eleroni (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa), eleveta (kibao cha mlalo cha mkia) na usukani wa mkia kwa kuzungusha vibanio vya fimbo. Kwenye skrubu ya M2 mzunguko mmoja ni milimita 0.4, kwa hiyo nusu mzunguko unaonekana.

Eleveta ikiwa na nusu mbili, hakikisha kwa rula kwamba zinapanda na kushuka sawa pande zote, si katikati tu. Tofauti ya milimita 1 ikiwa juu kabisa itakutesa huko mbele, na utaidhania kuwa ni kitu kingine.

Hatua ya 2: Mwendo wa eleroni, eleveta na usukani, pamoja na ekspo

Anza na reti ndogo (reti ni kikomo cha mwendo wa kila kidhibiti): eleroni digrii 15, eleveta 12, usukani 25. Kama huna kipimapembe, piga hesabu: eleroni yenye upana wa milimita 45 ikisogea milimita 12 ukingoni, hiyo ni digrii 15. Reti kubwa ya digrii 40 na kuendelea iwe kwenye swichi ya pili, na usiiguse mpaka ndege imekaa sawa.

Ekspo (ulainishaji wa kijiti karibu na katikati) ya asilimia 30 inatosha kwa reti ndogo. Angalia alama: kwenye rimoti za Futaba ekspo ya kulainisha ni hasi, kwenye Spektrum ni chanya. Usiamini kumbukumbu, sukuma kijiti nusu na utazame. Kama eleroni imeenda zaidi ya nusu ya mwendo wake, umeweka kinyume, na ndege itaruka kama nyigu aliyechokozwa.

Weka pia usalama wa kupotea kwa mawimbi: throto (nguvu ya mota) sifuri. Jaribu kwa kuzima rimoti, propela ikiwa bado imetolewa.

Hatua ya 3: Kitovu cha uzito

Anzia asilimia 28 hadi 30 ya upana wa wastani wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Pima betri ikiwa ndani. Betri ya gramu 280 ikisogezwa sentimita 1 inahamisha kitovu karibu milimita 2, kwa hiyo chora alama ya kalamu mahali betri inapokaa. Betri inayowekwa "hapo hapo tu" kila siku inabadilisha ndege kila siku.

Hewani, trimu ndege iende yenyewe kwa theluthi mbili za throto. Kisha panda kwa digrii 45, igeuze chali, achia eleveta. Ikiendelea kwenye mstari au ikilegea polepole sana, umefika. Ikiangusha pua kwa nguvu kuelekea ardhini, pua ni nzito, sogeza betri nyuma milimita 5. Ikijipandisha kuelekea angani, mkia ni mzito. Mie napenda ilegee kidogo. Ndege isiyolegea kabisa inachosha wakati wa kutua.

Tua, hamisha trimu kwenye vibanio vya fimbo, rudisha trimu ya rimoti kwenye sifuri.

Hatua ya 4: Mstari wa wima (hapa ndipo muda unapoishia)

Ndege inapanda wima kwa throto kubwa na inakwenda kushoto. Karibu kila mtu ataongeza pembe ya mota kulia. Mara nyingine ni sawa, mara nyingi siyo. Sababu ziko angalau nne, zote zinaonekana kama "inaenda kushoto", na dawa zake ni tofauti.

Kabla ya yote, chagua saa. Pwani, fanya jaribio hili asubuhi mapema. Kusi ikishaanza kuvuma ndege itapeperuka na wewe utaiita kosa. Kukiwa na upepo tazama kiwiliwili kimeelekea wapi, usitazame ndege imefika wapi. Ndege iliyosimama wima kabisa huku ikisukumwa pembeni na upepo haina ugonjwa.

Ielekeze mbali na wewe moja kwa moja, ili uone mgongo wake ikipanda. Mabawa yawe sawa kabla ya kuvuta eleveta ili ipande. Hili ndilo linalodanganya kuliko yote: bawa likiwa chini digrii 3 wakati wa kuvuta, ndege itatoka kwenye wima upande huo kila mara, na utafungua mota bure. Rudia mara tano. Ikienda kushoto mara tatu na kulia mara mbili, tatizo ni vidole vyako.

Ikienda kushoto mara zote tano, tazama *lini*.

Ikianza kupinda wakati unavuta, kabla hata haijafika wima, mota haihusiki. Ama bawa la kushoto ni zito, ama nusu za eleveta hazilingani. Kutofautisha: igeuze chali uruke usawa, mikono mbali na eleroni. Bawa likiwa zito ndilo litakaloanguka tena, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu trimu uliyoweka ndege ikiwa haijageuzwa chali sasa inaliongezea. Likiwa halianguki, rudi na rula kwenye eleveta. Bawa zito linatibiwa kwa gramu 5 kwenye ncha ya bawa la upande wa pili, kisha trimu ya eleroni upya.

Ikifika wima sawa halafu ikaanza kupinda, hesabu moja, mbili, tatu. Sekunde hizo tatu ndizo zinazohusu mota. Ikienda sawa kisha ikapinda tu karibu kusimama, iache. Mwendo ukipungua, upepo wa propela unaojizungusha kwenye mkia unashinda, na usukani hauna hewa ya kushika; hapo ni kazi ya kidole, hata ndege nzuri hufanya hivyo.

Ikipinda ndani ya sekunde tatu, fanya jaribio la mwisho kabla ya kushika bisibisi: panda juu, funga throto, shuka wima. Ikienda kushoto hata mota ikiwa imefungwa, ni usukani, au mkia umebandikwa upande. Rekebisha usukani. Ikishuka sawa na kupanda kushoto, basi sasa ni mota.

Weka washa (kipete bapa cha bolti) ya milimita 0.5 kwenye bolti mbili za kushoto, ukitazama ndege kutoka nyuma, kati ya kishikio cha mota na ukuta wa mbele. Bolti zikiwa milimita 40 mbali, hiyo ni digrii 0.7. Ndege nyingi hutulia kati ya digrii 2 na 3 kulia kwa jumla. Tumia washa za chuma. Za plastiki hubonyea kwa mtetemo na joto, na wiki ijayo utakuwa umerudi ulikoanzia. Gundi ya kufunga nyuzi kwenye bolti si hiari.

Badilisha kitu kimoja kwa kila ruko. Ukiongeza washa na kusogeza betri siku hiyo hiyo, hutajua kipi kimeponya.

Ukishashuka wima, tazama pia pua kutoka ubavuni. Ikijivuta kuelekea kioo cha rubani throto ikiwa imefungwa, miksi ya throto kwa eleveta asilimia 1 hadi 3 chini inatosha. Hii ni miksi ninayoiruhusu bila kinyongo.

Hatua ya 5: Eleroni

Panda digrii 45 na biringisha mara tatu kulia. Pua ikihamia kinyume na upande unaobiringisha, eleroni inayoshuka inavuta. Punguza mwendo wake wa chini. Ikihamia upande uleule, umepunguza mno.

Hatua ya 6: Kuruka kwa ubavu

Juu, throto theluthi mbili, laza ndege ubavu, shikilia kwa usukani. Ikivuta kuelekea tumbo, miksi ya usukani kwa eleveta ya juu kuanzia asilimia 3. Ikivuta kuelekea kioo, eleveta ya chini. Ikijibiringisha, miksi ya eleroni kinyume kuanzia asilimia 5. Kila upande unahitaji namba yake. Kushoto na kulia havifanani. Ukijikuta umezidi asilimia 15, acha, rudi hatua ya 3.

Kwa wa Nairobi na kwingine kwenye takriban mita 1,700: hewa ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo ndege inapoteza mnyanyuko kwa mwendo wa juu zaidi, karibu asilimia 9. Tua kwa kasi kidogo, na propela ya pichi kubwa kidogo (ile namba ya pili ya propela, kama 6.5) inavumilika kwa sababu mota haibebi mzigo uleule. Lakini pima ampea kwanza kabla ya kuiacha kwenye ndege, na ukishabadilisha propela, rudia hatua ya 4 yote.