Somo: Uchungu umeanza usiku na mko nyumbani, nani afanye nini

Hamjambo wapendwa. Somo hili niliahidi tangu mwezi uliopita, limechelewa kwa sababu ya zamu za usiku. Mimi ni muuguzi mkunga, leba nimekaa miaka mingi huku mkoani Tanga, na mwenyewe nimezaa watatu.

Niseme mapema tusije tukakosana: sifundishi kuzalia nyumbani. Nafundisha yale masaa ya mwanzo, ambayo kwa mimba ya kwanza yanaweza kumaliza usiku mzima na mchana wake. Masaa hayo mama huyapitia vizuri zaidi akiwa kwao, karibu na kitanda chake na choo chake, kuliko kwenye benchi la hospitali. Mtoto mwenyewe azaliwe mahali penye mtu anayejua kuzuia damu.

Mimba yangu ya kwanza, wakati huo hata chuo sijaingia, nilikimbilia hospitali saa tano usiku na mkoba mzima. Kupimwa njia: imefunguka sentimita mbili tu. Nikaambiwa nirudi nyumbani au nisubiri nje. Nikasubiri nje kwa aibu ya kurudi. Kulipokucha mama yangu alikuwa amejikunyata pembeni yangu, chupa ya chai imepoa, na mimi nimechoka kabla kazi haijaanza.

Hatua ya 1: Kikao cha wiki ya 36

Hiki ndicho kiini cha somo zima, mengine yote mtayakuta yana nafuu. Kaeni, mama mjamzito, mumewe, mama mzazi au mama mkwe, na yeyote atakayelala nyumba hiyo, mkubaliane jambo moja: nani ana neno la mwisho la kusema "twende". Awe mtu aliyepo nyumbani. Asiwe aliye safarini Mwanza, wala shangazi wa kupigiwa simu saa nane usiku hapokei.

Wanaofundisha uzazi salama husema kuna kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. La tatu ni letu sisi wa hospitali, na lawama zake tunazibeba. La pili ni la barabara. La kwanza linakaa sebuleni kwenu. Nimepokea mama aliyeanza kutoka damu magharibi, akafika kwetu alfajiri, kwa sababu baba mwenye nyumba alikuwa hajarudi na hakuna aliyethubutu kumtoa mke wa mtu bila ruhusa. Kwa hiyo ruhusa itolewe mapema, mbele ya wote, tena pesa ya nauli ikabidhiwe kwa mama mwenyewe aifunge kwenye khanga yake.

Tafuteni pia namba za madereva wawili, mmoja akiwa amezima simu awepo wa pili. Bajaji au gari ni bora kuliko bodaboda. Kwa dharura, huku Tanzania Bara namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ni 115, haina malipo. Iandikeni ukutani kwa makaa kama hamna kalamu.

Mkoba siurefushi: kadi ya kliniki juu kabisa, khanga safi na kavu zisizopungua nne, mpira wa kujifungulia, glovu, pamba, kibana kitovu, pedi, nguo za mtoto na kofia yake. Anayetumia dawa za kila siku, za presha au za kufubaza virusi, aziweke humo na aendelee kuzimeza kwa saa zake hata uchungu ukianza.

Hatua ya 2: Wasiokaa nyumbani hata saa moja

Uliyewahi kupasuliwa. Mwenye pacha. Mtoto aliyetanguliza matako au kulala mlalo. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au upungufu wa damu. Uliyetokwa damu nyingi uzazi uliopita. Uchungu unaoanza kabla ya wiki ya 37. Na yeyote ambaye kadi yake imewekwa alama na muuguzi kwamba azalie hospitali kubwa. Ninyi dalili ya kwanza tu, mnaondoka. Mnaokaa mbali mkahamie kwa ndugu wa karibu na hospitali wiki mbili tatu kabla.

Hatua ya 3: Kuujua uchungu wa kweli

Uchungu wa uongo unabana tumbo la mbele, unakuja ovyo ovyo, na ukinywa maji ukatembea kidogo au ukalala unapotea. Wa kweli mara nyingi huanzia kiunoni ukazunguka mbele, unarudi kwa mpangilio, na kila ukirudi umeongeza nguvu. Ute mzito wenye michirizi ya damu ni dalili kwamba njia inaanza kulainika, lakini unaweza kutangulia siku moja au mbili, msishtuke.

Hesabuni kwa saa ya simu. Andika ulipoanza kubana, ulipoachia, na ulipoanza tena. Kutoka mwanzo hadi mwanzo ndiyo nafasi yake. Mhesabuji awe mmoja, maana nimekuta nyumba bibi anasema dakika tano, wifi anasema kumi, na mama mwenyewe anawatukana wote wawili.

Hatua ya 4: Kazi za watu

Watu watatu wanatosha. Mmoja wa kuhesabu na kushika simu, mmoja wa kukaa na mama, mmoja wa nje: maji ya moto, uji, usafiri, watoto wengine. Majirani waliokuja "kumjulia hali" wapewe chai barazani waagwe.

Anayekaa na mama kazi yake kubwa ni kiuno. Uchungu ukija, kandamiza kwa kiganja pale chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, kwa nguvu na bila kuhamahama, mpaka uachie. Muulize, "hapa au chini?" Wengine hutaka kuguswa mwanzoni, baadaye hawataki hata kusikia pumzi yako. Usinune. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kiunoni kinasaidia, na kuoga maji ya moto kiasi kunasaidia zaidi.

Ukianza usiku na bado una nafasi ya dakika kumi na tano au ishirini, mama alale. Najua hamtaniamini, kila mtu anataka atembezwe uani kama gwaride. Alale kwa ubavu, wa kushoto ndio mzuri, nguvu atazihitaji mbele. Kulipokucha atembee, achuchumae, apige magoti aegemee kitanda, vyovyote mwili unavyomtaka. Asilale chali.

Ale vyepesi: uji, tende, ndizi laini, chai ya sukari, dafu. Akojoe kila saa mbili hata kama hajisikii, kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka. Uchungu ukimbana avute hewa taratibu kwa pua, aitoe kwa mdomo kama anayepuliza uji. Na asisukume. Kusukuma njia haijafunguka kunamchosha na kunaivimbisha njia yenyewe.

Sasa mambo ya kumtaka mama "ataje". Mnanielewa. Uchungu ukirefuka anatokea mtu mzima anasema kuna siri, ataje mwanaume mwingine ndipo mtoto ashuke. Niliyoyakuta nyuma ya uchungu mrefu ni mtoto mkubwa, nyonga finyu, mtoto aliyekaa vibaya, au mama aliyeishiwa nguvu. Mtu akianza maneno hayo, yule wa nje amtoe nje.

Hatua ya 5: Saa ya kuondoka

Mimba ya kwanza: uchungu kila dakika tano, unadumu karibu dakika nzima, na umekwenda hivyo kwa saa moja. Aliyekwishazaa aondoke mapema, nafasi ikifika dakika nane au kumi, kwani njia inayojulikana haina foleni. Kama safari ni saa moja, ondokeni saa moja kabla ya hapo.

Mkifika mkaambiwa bado, msione mmefukuzwa. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu uliokomaa kuanzia sentimita 5. Sisi zamani tulianzia 4. Kuanzia hapo, mimba ya kwanza kwa kawaida haizidi saa 12, na zinazofuata saa 10.

Ondokeni bila kuhesabu chochote mkiona haya: damu inayotiririka, maji ya kijani au yenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, degedege, homa, mtoto ameacha kucheza, tumbo linalouma bila kuachia, au kitovu kimetokeza ukeni. Hilo la mwisho mama apige magoti, kifua chini makalio juu, na abaki hivyo hivyo njia nzima.

Hatua ya 6: Mtoto akiwatangulia

Hutokea, hasa kwa mimba ya tatu kwenda juu. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glovu. Usimvute mtoto, mpokee tu. Mkaushe mara moja kwa khanga kavu, mwili mzima, huku unamsugua mgongo. Mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, apewe ziwa. Kitovu msikikate kwa wembe wa dukani wala msikipake kitu, si majivu, si mate, si mavi ya ng'ombe. Kondo msilivute; likitoka lenyewe liwekeni kwenye mfuko mje nalo. Halafu hospitali palepale, hata kama mama anacheka na mtoto analia vizuri. Damu ya baada ya kuzaa inaweza kummaliza mtu ndani ya saa mbili.

Maswali ya wanachama

Mama mtarajiwa, Mbagala: Dada, chupa ikipasuka na uchungu sina, nisubiri?

Usisubiri. Vaa pedi, angalia rangi ya maji, andika saa, nenda. Mlango wa vijidudu umefunguka, kwa hiyo usiingize kitu ukeni na tendo la ndoa usifanye. Hospitali ndiyo itakayoamua kusubiri au kukuanzishia.

Baba kijacho, Morogoro: Mkunga, mimi mwanaume nina kazi gani hapo zaidi ya nauli? Mama mkwe kaniambia nikae nje.

Shikamoo yake mpe, lakini kiuno cha mkeo kinahitaji kiganja kizito na wewe unacho. Mwombe mama mkwe akuelekeze pa kukandamiza, akishaona unafanya kwa utulivu atakuachia. Leba ni habari nyingine: wodi nyingi zina mama wengi chumba kimoja, pazia tupu, ndiyo maana wanaume huzuiwa. Ulizeni kliniki mapema kama wanaruhusu mwenza, au mama yake aingie badala yako.

Mwanachama, Likoni, Mombasa: Mie nakaa Likoni na hospitali niloandikisha iko ng'ambo kisiwani. Hesabu ya dakika tano itanifaa kweli, na feri ile usiku?

Haitakufaa, mwenzangu. Hesabu yako inaanzia kwenye foleni ya feri. Ukishajua ni uchungu wa kweli, vuka. Ukiwa na jamaa upande wa kisiwani, kalale kwake kuanzia wiki ya 38. Na jua kituo cha upande wenu kinachozalisha usiku, ili ukikamatwa ghafla usifie kwenye foleni na kadi mkononi.

Mke wa kwanza, Handeni: Wifi yangu ana dawa ya miti ya kuongeza uchungu, anasema kijiko kimoja tu. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Dawa ya kuongeza uchungu hata sisi tunayo, lakini tunaipima kwa matone, na mtu anakaa pembeni anasikiliza mapigo ya mtoto. Ya kijiko haina kipimo. Mfuko wa uzazi ukikamuliwa bila kupumzika, mtoto anakosa hewa na mfuko unaweza kuchanika. Vidonge vya kununua kwa siri duka la dawa ni vivyo hivyo. Mwambie wifi akupikie uji.

Bibi wa wajukuu tisa, Pangani: Wanangu, sisi tulizaa sakafuni na wakunga wetu, mbona tu hai? Mmetufanya kama hatujui kitu.

Shikamoo bibi. Kupiga magoti, kuegemea mtu, kutolala chali, haya mlikuwa nayo ninyi, na sisi tukawalaza akina mama chali miaka mingi kabla ya kurudi kwenu. Kukanda kiuno nimefundishwa na mama yangu, si chuoni. Lakini bibi, wanaosema "mbona tu hai" ni wale waliobaki. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta akina mama 63 kati ya 100 wanazalia kituoni, na vifo vya uzazi vikakadiriwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 81, na vifo 104. Si jengo tu lililofanya kazi hiyo, lakini sindano ya kuzuia damu haipo sakafuni. Wajukuu wakianza uchungu, kaa nao wewe. Kisha uwe wa kwanza kusema twende.

Mama mtarajiwa, Mbagala (tena): Samahani dada, nimesahau. Nikipiga kelele watu si watanisikia?

Watasikia. Piga tu, ila za chini, za tumboni, zile kali za kooni zinakukaza taya na mwili wote.