Kukata tiketi ya meli ya kitalii: jumlisha bei nzima, kisha ifuatilie hadi siku ya malipo ya mwisho

Bei iliyo kwenye tangazo la meli ya kitalii karibu kila mara ni ya mtu mmoja, katika chumba cha watu wawili, tena chumba cha ndani kisicho na dirisha, na bakshishi haimo. Anayepanga safari kwa bei hiyo huishiwa kabla hajapanda meli. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ya tatu na ya sita ndizo zinazookoa pesa nyingi.

Hatua ya 1: Viza kabla ya bei

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo asilipe hata senti kabla ya kujua viza anazohitaji. Meli ikitoka Barcelona, ikatia nanga Tunis au Kuşadasi huko Uturuki, kisha ikarudi, umetoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na unaingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Kutoka Miami hadi Bahamas au Cozumel huko Meksiko na kurudi ni vilevile: lazima viza ya Marekani iwe ya kuingia mara nyingi. Viza ya C1/D ni ya mabaharia, haimfai abiria. Ukipandia Dubai na meli ikagusa Doha au Muscat, hakikisha viza yako ya Imarati inakuruhusu kurudi.

Orodhesha bandari zote kwa mfuatano, na mbele ya kila moja andika viza inayotakiwa. Pasipoti ibaki na angalau miezi 6 baada ya siku ya kurudi. Kosa la hapa halina dawa: asiye na hati kamili hukataliwa gatini, na nauli yake hairudi.

Hatua ya 2: Msimu na chumba

Karibea huwa nafuu kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba, ukiacha wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya Novemba. Sababu ni kwamba shule zimefunguliwa na msimu wa vimbunga unaendelea hadi 30 Novemba. Mkataba wa tiketi huiruhusu meli kubadili bandari kwa sababu ya hali ya hewa bila kukulipa fidia, basi usinunue safari ya Septemba kwa ajili ya kisiwa kimoja tu.

Vyumba ni vya aina nne: cha ndani, chenye dirisha, chenye roshani, na cha kifahari. Kilicho nafuu kuliko vyote katika aina yake huandikwa GTY, yaani kampuni ndiyo itakayokupangia namba baadaye. Kinamfaa asiyejali mahali. Anayepata kichefuchefu baharini alipie kuchagua, achukue sitaha za chini, katikati ya meli. Fungua ramani ya sitaha uone kilicho juu na chini ya chumba chako. Ukiwa chini ya bwawa la kuogelea utasikia viti vikiburutwa alfajiri. Na dirisha la bei ya chini isiyo ya kawaida huenda limezibwa na boti ya uokoaji.

Hatua ya 3: Jumlisha bei nzima

Tufanye hesabu ya mfano: usiku 7, watu wawili, tangazo linasema dola 499. Kodi na ada za bandari, kama hazimo kwenye bei ya tangazo, tuziweke dola 150 kwa mtu. Bakshishi ya kila siku, ambayo kwa kampuni kubwa za Marekani huwa kati ya dola 16 na 20 kwa mtu katika vyumba vya kawaida, tuiweke 18; kwa siku 7 ni 126. Kila mtu amefika 775, na wawili 1,550. Ongeza intaneti ya simu moja kwa dola 20 kwa siku, yaani 140. Jumla ni 1,690.

Gawanya kwa usiku 7 mara watu 2: dola 121 hivi kwa mtu kwa usiku, wakati tangazo lilikuonyesha 71. Linganisha meli na meli kwa tarakimu hii ya mwisho, usitumie nyingine yoyote. Meli ya dola 650 ambayo bakshishi na intaneti zimo ndani inaweza kuishinda ile ya 499.

Anayesafiri peke yake kwa kawaida hulipa nauli ya watu wawili, lakini kodi na bakshishi za mmoja. Katika mfano wetu ni 998 + 150 + 126, yaani 1,274. Tafuta meli zenye vyumba vya mtu mmoja. Kampuni ya Norwegian ilivianzisha kwenye Norwegian Epic mwaka 2010, na nyingine zikafuata. Ila hesabu kwanza, maana vyumba hivyo ni vichache na wakati mwingine bei yake hupita ya chumba cha wawili.

Hatua ya 4: Soma ofa kwa kalamu mkononi

Msimu mkubwa wa ofa ni Januari hadi Machi. Kuna aina tatu zinazopoteza watu.

“Abiria wa pili punguzo la asilimia 60.” Kwa chumba kizima hiyo ni asilimia 30 tu ya nauli, na kodi haipunguzwi. Tena nauli ya kuanzia inaweza kupandishwa kabla ya ofa. Andika jumla ya leo, uilinganishe na jumla ya wiki ijayo; asilimia achana nazo.

“Watoto bure.” Ni nauli tu iliyo bure, kwa abiria wa tatu na wa nne wa chumba hicho. Kwa tarakimu zetu, watoto wawili bado watadaiwa kodi na bakshishi dola 552.

“Vinywaji bure.” Kampuni kadhaa hukutoza ada ya huduma ya asilimia 18 hadi 20 ya thamani ya kifurushi. Kifurushi cha dola 100 kwa siku, kwa asilimia 20, ni dola 280 kwa watu wawili kwa wiki. Msiokunywa pombe, mwambie wakala aondoe kifurushi hicho, mchukue nauli ya chini. Maji, chai na kahawa ya kawaida havilipiwi kwenye ukumbi wa chakula. Jueni pia kwamba mkinunua kifurushi cha pombe, kampuni nyingi huwalazimisha watu wazima wote wa chumba hicho kukinunua.

Hatua ya 5: Arubuni

Kwa safari ya wiki moja, arubuni, yaani malipo ya awali ya kushika nafasi, mara nyingi ni dola 100 hadi 250 kwa mtu. Kuna bei yenye arubuni ya kurudishwa, na nyingine, nafuu kidogo, isiyorudishwa. Kama viza bado haijatoka, chukua ya kurudishwa hata ikiwa ghali kwa dola 60 kuliko ile nyingine.

Wakala mzuri hakuongezei bei, kwa kuwa analipwa na kampuni, na wengine hukupa salio la kutumia melini. Lakini ukipitia kwake, mabadiliko yote yatapitia kwake pia. Kampuni haitasikiliza simu yako. Muulize kabla ya kulipa: bei ikishuka, utaniombea mpya bila ada?

Hatua ya 6: Ifuatilie bei

Hapa ndipo wengi hulala. Siku ya malipo ya mwisho huwa takriban siku 75 hadi 90 kabla ya safari. Kabla ya siku hiyo, bei ya chumba cha aina yako ikishuka, kampuni nyingi za Marekani hukubali kukuhamishia kwenye bei mpya. Hazikupigii simu kukuambia, unaomba mwenyewe. Kila Jumatatu fungua tovuti, tafuta safari hiyohiyo, watu haohao, chumba kilekile, ufike hadi ukurasa wa mwisho kabla ya malipo, na upige picha ya skrini. Kabla hujakubali mabadiliko, uliza kama salio la melini ulilopewa litabaki, maana ofa ya zamani inaweza kufutwa.

Weka kengele ya simu siku 10 kabla ya malipo ya mwisho. Ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kujiondoa kwa hasara ndogo, kwani baada yake makato hupanda kwa ngazi hadi asilimia 100. Ukijiondoa hata siku za mwisho, dai kodi na ada za bandari. Kwa kawaida hurudishwa.

Hatua ya 7: Baada ya kulipa

Intaneti na vifurushi vingine huwa nafuu ukinunua kabla ya kupanda. Vingi vinaweza kufutwa na kununuliwa upya bei ikishuka. Ukialikwa kutoa dau la kupandishwa chumba, soma vizuri: dau la dola 80, kwa mfano, ni la kila mtu, hutozwa kwa watu wawili hata ukiwa peke yako, na likikubaliwa halirudi.

Hatua ya 8: Kadi ya melini

Matumizi yako ya melini huandikwa kwenye akaunti moja, inayolipwa kwa kadi unayoonyesha kaunta. M-Pesa GlobalPay, kadi ya mtandaoni ya Safaricom, inafaa kulipia kwenye tovuti, lakini ni namba tu, huna kadi ya kuonyesha kaunta. Kadi ya benki ya kawaida nayo ina tatizo lake: meli huzuia kiasi fulani kila siku, na pesa hizo zinaweza kukaa siku kadhaa baada ya safari kabla ya kuachiwa. Kama una akaunti moja tu ya benki, weka taslimu kaunta siku ya kwanza. Usiku wa mwisho chapisha taarifa ya matumizi, ipitie mstari kwa mstari, na lalamika ukiwa bado melini, kwa sababu asubuhi foleni ya kaunta huwa ndefu na mizigo iko nje tayari.